Ua Lina Saa Moja, Sahani Ina Dakika Tano

Majaji wa mashindano ya picha hawaanzi na picha kubwa iliyochapwa kwenye karatasi nzito. Raundi ya kwanza kwa kawaida huwa ya skrini: picha inapita, nyingine inafuata, na kila moja hupata sekunde chache tu za kutazamwa. Nyingi huanguka hapo hapo, na kamera haina kosa. Zinaanguka kwa sababu mpiga picha alifika wakati wa mada yake umeshapita. Petali zimeanza kuwa kahawia ukingoni. Supu imeweka utando. Majani ya saladi yamelegea kama kitambaa kilicholowa. Jicho lililozoea huyaona hayo kabla halijauona mpangilio wa picha, na likishayaona basi.

Hapo ndipo bustani na jikoni zinapokutana, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote mbili vizuri. Ua na chakula vyote viko safarini kuharibika. Anayejua safari hiyo imefika wapi ana kitu ambacho lenzi ya bei kubwa haimpi mwenzake. Mwanga, lenzi, faili na fomu za mashindano hujifunzwa kwa miezi. Kujua wakati huchukua miaka.

Tuanze na bustani. Ziara ya kwanza ifanye wiki moja au mbili kabla ya siku ya kazi, ukiwa na simu na kijidaftari tu. Angalia jua linatokea upande gani, kivuli cha ukuta au mti kinaondoka kwenye vitanda vya maua saa ngapi, na ni mimea ipi iliyo karibu kufunguka. Zipo programu za simu zinazochora njia ya jua kwa tarehe yoyote. Zinasaidia, lakini hazijui kwamba jirani ana mti mrefu. Kisha muulize mtunza bustani. Yeye ndiye kalenda. Akikuambia maua yatakuwa yamefunguka yote Alhamisi, wewe nenda Jumanne au Jumatano. Kitanda kilichofunguka chote huwa tayari kina maua ya mwanzo yanayonyauka, na mapengo yake huonekana zaidi pichani kuliko kwa macho. Theluthi mbili zimefunguka, theluthi moja bado matumba: huo ndio wakati.

Siku yenyewe, uwe umeshafunga kamera kwenye tripodi dakika ishirini kabla ya jua kuchomoza. Kazi nzito inaisha ndani ya saa moja au saa moja na nusu baada ya hapo. Watu husema ni kwa ajili ya rangi ya mwanga, na ni kweli, lakini sababu kubwa zaidi ni upepo. Ardhi ikiwa haijapata joto, hewa hutulia. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kutembea, na kila kikonyo kirefu huanza kucheza. Ukichelewa saa moja, utakuwa unapambana na mwanga mkali na upepo kwa pamoja.

Siku ya mawingu mepesi ni zawadi, kwa sababu anga lote linakuwa pazia jeupe na vivuli vinalainika. Ila anga hilo jeupe lisiingie pichani. Ukanda mweupe juu ya picha huvuta jicho kuliko ua lolote. Inamisha kamera pale ambapo hakuna kuta wala miti mirefu pembeni, panda ngazi, au tafuta uzio wa miti wa kuziba nyuma.

Baada ya mvua rangi hukolea, lakini majani hung'aa na mng'ao huo huificha rangi ya kijani. Hapa kichujio cha polaraiza kina kazi kubwa kuliko kwenye anga. Kizungushe huku unatazama majani. Kinakula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo hesabu hilo kwenye kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Kosa la kawaida ni kukizungusha hadi mwisho: mng'ao wote unapotea, na jani linabaki bapa kama limekatwa kwenye karatasi. Kifikishe mwisho, halafu kirudishe kidogo. Na ukitumia lenzi pana chini ya milimita 24 huku anga la buluu limo pichani, kivue kabisa, kwa sababu kitaacha doa jeusi upande mmoja wa anga na hilo halirekebishiki kirahisi.

Kwa upepo mdogo, 1/250 ya sekunde inatosha kwa maua yenye vikonyo imara. Nyasi ndefu zinataka 1/500. Wanaoanza huogopa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Pandisha hadi 800 au 1600 bila woga. Chengachenga zinapunguzika kwenye kompyuta, mtikisiko haurekebishiki. Upepo pia hupumua: una vipindi vya sekunde mbili tatu vya utulivu, na ukisubiri kidogo utaujua mwendo wake. Piga picha tano au sita kwenye kila kipindi. Kwa ua moja, kijiti kilichochomekwa ardhini na kibanio cha nguo kikishika kikonyo nje ya fremu kinafanya kazi kuliko vifaa vingi vya dukani.

Tundu la lenzi kwa mandhari ya bustani liwe kati ya f/8 na f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukifunga kupita f/16 unatafuta ukali na kuupoteza, maana mwanga hupinda ukipita kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika. Kwa makro, yaani picha za karibu sana, hesabu ni ngumu zaidi. Ua likipigwa kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, hata f/11 inakupa ukali usiofika milimita mbili. Njia ni mbili: ama uchague kipande kimoja kinachostahili ukali, kwa mfano ncha za stameni (viuzi vyenye chavua katikati ya ua), na kuiacha sehemu iliyobaki iyeyuke, ama upige mfululizo wa picha 10 hadi 30 huku fokasi ikisogea kidogo kidogo kisha uziunganishe. Njia ya pili inadai hewa iliyotulia kabisa. Petali moja ikisogea katikati ya mfululizo, kingo zake zitatoka maradufu. Mashindano mengi huikubali ukiitaja kwenye fomu. Binafsi, njia ya kwanza ndiyo inayonishawishi zaidi. Ua lililo kali kila mahali mara nyingi hufanana na kielelezo cha kitabu cha botania, na kielelezo si picha ya ushindi isipokuwa hicho ndicho kilichoombwa.

Urefu wa kamera ni jambo ambalo wengi hawaligusi. Kila mgeni wa bustani huiona kutoka usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kwa hiyo picha ya usawa huo haina jipya. Shuka hadi usawa wa maua, sentimita 40 au 50 kutoka ardhini, ujitumbukize ndani ya kitanda kwa lenzi, si kwa miguu. Au panda ngazi ya mita mbili ili njia na vitanda vijichore kama ramani. Katika hali zote mbili kamera ikae sawasawa. Ukiiinamisha, kuta na miti ya pembeni zitaonekana kama zinaanguka. Kipimio cha usawa kimo ndani ya kamera nyingi na kiwashwe muda wote.

Kabla ya picha ya kwanza, tembea bustani nzima ukisafisha kwa vidole: mpira wa maji, ndoo, vibao vya plastiki vyenye majina ya mimea, kinyesi cha ndege, petali zilizodondokea majani. Nusu saa inatosha. Vibao vipige picha kabla ya kuvitoa, kwa sababu majina hayo utayahitaji baadaye, na kila kimoja ukirudishe palepale. Kung'oa mmea wa mtu au kuukata bila ruhusa ni njia ya haraka ya kutoitwa tena.

Sasa rangi, mahali ambapo picha nyingi nzuri huharibikia. Ua jekundu ni mtego. Kamera hupima mwanga wa jumla na kukuonyesha kwamba kila kitu ni salama, kumbe chaneli nyekundu imeshajaa na kumwagika. Matokeo yake ni petali zisizo na mishipa wala mikunjo, kama zimepakwa rangi ya ukutani. Nyanya zilizoiva hufanya vivyo hivyo, na pilipili, na stroberi. Washa histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) ya rangi tatu badala ya ile ya mwanga peke yake, na punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima mpaka mstari mwekundu usigonge ukuta wa kulia. Piga kwenye faili ghafi (RAW, ambalo kamera haijalibana), kwa sababu JPEG ikishaitupa mishipa hiyo hakuna programu ya kuirudisha kwa uaminifu.

Buluu ina mtego wake. Baadhi ya maua ya buluu na zambarau huakisi sehemu ya wekundu wa mbali ambayo jicho halioni lakini filamu iliiona, na yakatoka ya waridi. Wapiga picha wa zamani waliipa kasoro hiyo jina la ua la ageratamu. Kamera za kidijitali zina vichujio vinavyoipunguza, lakini haijaisha. Dawa ni ya kizamani: omba ua moja, lichukue nyumbani ndani ya kichupa cha maji, liweke kando ya skrini karibu na dirisha, na urekebishe rangi hiyo peke yake mpaka vifanane. Usiguse mizania ya weupe (mpangilio unaofanya kitu cheupe kionekane cheupe) ya picha nzima kwa ajili ya ua moja, maana kijani kitahama nayo.

Na kijani, jamani. Kijani kilichokolezwa mpaka kinawaka ndicho kosa la uhariri linalojirudia kuliko mengine yote. Baadhi ya majaji wa picha za bustani ni watu wanaopanda na kuvuna. Wanajua jani la mnyanya lina rangi gani. Likiwa la kijani cha taa ya barabarani, hawahitaji maelezo.

Tuingie jikoni. Meza iwe sentimita 60 hadi 100 kutoka dirishani, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au lenye pazia jeupe jepesi. Zima taa zote za chumba. Taa ya nyumbani yenye mwanga wa manjano huwa na takribani kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa mchana ni kama 5500. Ukivichanganya, upande mmoja wa sahani utakuwa wa manjano na mwingine wa buluu, na hakuna mpangilio mmoja wa mizania ya weupe utakaotibu pande zote mbili. Piga picha moja yenye kadi ya kijivu (ya kusawazishia rangi baadaye) ndani yake kila mwanga unapobadilika. Inachukua sekunde tano na inaokoa saa nzima.

Fikiria uso wa saa ya ukutani umelazwa mezani: sahani katikati, kamera kwenye namba 6. Dirisha liwe kwenye namba 9, au vizuri zaidi namba 10 au 11. (Namba iliyoandikwa, tafadhali, tukianza kuhesabu saa kwa Kiswahili tutapotezana.) Mwanga unaotoka nyuma kidogo hupita juu ya chakula na kuonyesha ganda la mkate, unyevu wa tunda, mafuta juu ya mchuzi. Mwanga ukitoka nyuma ya mpiga picha, upande wa namba 6, kila kitu kinalala bapa. Mmweko (flash) uliojengwa ndani ya kamera unafanya hivyo hasa, ndiyo maana chakula kilichopigwa nao kinaonekana kama ushahidi wa polisi.

Upande wa pili wa dirisha weka ubao mweupe, sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye sahani, ili uinue vivuli. Lakini usiuweke kwa mazoea. Nyama, mkate wenye ganda gumu, chokoleti na mboga za mizizi hupendeza zaidi na ubao mweusi, kwa sababu giza la pembeni huzipa umbo. Kwenye vyakula hivyo jaribu mweusi kwanza.

Pembe za kamera ni chache na kila moja ina chakula chake. Kutoka juu kabisa, nyuzi 90, ni kwa vitu bapa na mpangilio wa mezani: supu, saladi, viungo vilivyotawanywa. Karibu na usawa wa meza, nyuzi 0 hadi 15, ni kwa vitu virefu vyenye matabaka, kama keki na sandwichi. Nyuzi 45 ni jicho la mtu aliyeketi kula. Ni salama kwa karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo hiyo hushinda mara chache. Ukipiga kutoka juu, mkono wa tripodi uliotandazwa unahitaji uzito upande wa pili, mfuko wa mchanga wa kilo mbili au tatu, na mkanda wa kamera ufungwe mahali. Kamera ikiangukia supu, hasara ni ya vitu viwili. Tumia lenzi ya milimita 50 au ndefu zaidi. Lenzi pana ya simu hugeuza sahani za pembeni kuwa mayai. Rudi nyuma na utumie ukuzaji wa mara mbili.

Chakula halisi kisiguse meza mpaka mwanga, pembe na fokasi viwe vimekamilika. Panga yote kwa sahani ya kujaribia, yenye chakula cha rangi na urefu ule ule, hata kama kimepoa na kuchoka. Sahani ya picha itoke jikoni ikiwa ya mwisho kabisa, na mpishi awe na ya akiba. Tundu la lenzi kati ya f/5.6 na f/8 linafaa vyakula vingi, f/2.8 inapendwa mitandaoni, lakini mbele ya jaji huacha kipande kidogo tu kikiwa kikali na sehemu nyingine yote ukungu.

Kila chakula kina saa yake. Majani ya mboga yachemshwe kwenye maji ya chumvi yanayotokota kwa sekunde 30 hadi 60, yahamishiwe maji ya barafu papo hapo, yakaushwe kwa kitambaa; kijani chake kitadumu muda wa kutosha kwa kazi. Yakipikwa mpaka yaive kama ya kula, yanageuka rangi ya kaki. Nyama itolewe motoni kabla haijaiva kabisa, maana inaendelea kusinyaa sahanini, kisha ipakwe mafuta kidogo kwa brashi. Majani ya kupambia yaloweshwe kwenye maji baridi sana dakika 10 hadi 15, na yawekwe kwa kibano sekunde chache kabla ya kubonyeza. Parachichi likatwe mwisho na lipakwe maji ya limau. Kwenye supu nzito vipande vizuri huzama. Pindua bakuli dogo kifudifudi ndani ya bakuli kubwa, kisha mimina supu juu yake, na vipande vitakaa juu. Aiskrimu inadai bakuli lililokaa kwenye jokofu la kugandisha saa nzima na madonge matatu au manne yaliyokwisha kuchotwa yakisubiri kwenye trei baridi. Kila donge hukupa kama dakika mbili.

Mvuke huonekana tu ukiwa na vitu vitatu: chakula cha moto kweli, mwanga kutoka nyuma, na usuli mweusi. Chumba kikiwa cha baridi ndiyo bora. Ukitumia usuli mweupe mvuke upo lakini hauonekani, na watu hupika mara tatu bila kujua kosa ni ukuta.

Matone juu ya tunda au glasi yanayodumu hutengenezwa kwa gliserini na maji, nusu kwa nusu, kwa chupa ya kupulizia. Chakula hicho hakiliwi tena. Kuna ujanja mwingine wa zamani, gundi badala ya maziwa, rangi ya viatu kwenye nyama, na huo tunauacha. Baadhi ya majaji ni wapishi, nao wanajua maziwa yanavyoshika ukingo wa bakuli.

Sahani iwe ndogo, sentimita 20 hadi 22, isiyong'aa, na chakula kiwe pungufu ya kile ambacho ungempakulia mgeni. Ukingo wake ufutwe kwa kijiti cha pamba chenye siki kidogo. Alama ya kidole ukingoni haionekani kwenye kioo cha kamera. Kwenye karatasi kubwa inaonekana kama muhuri.

Kati ya bustani na sahani kuna eneo wapiga picha wengi hulipita: mavuno. Karoti zenye udongo, mikono inayofunga fungu la mboga, kikapu mlangoni mwa jikoni. Picha za namna hii zinaingia kwenye vipengele vya bustani na vya chakula pia, na ushindani wake si wa mawaridi yenye umande. Udongo una siri yake. Ukikauka unageuka kijivu na kuonekana uchafu. Ukiwa na unyevu unakuwa mweusi na wenye uhai. Upulizie maji kila baada ya dakika chache. Osha mzizi nusu, acha nusu. Majani ya karoti na figili hulegea upesi yakishang'olewa, kwa hiyo ndoo ya maji ikae hatua moja nje ya fremu, na kila fungu litoke majini kwenda kwenye picha moja kwa moja.

Kuhusu mashindano yenyewe. Kwa bustani, jina kubwa ni International Garden Photographer of the Year, lililoanza mwaka 2007 na kuhusishwa kwa muda mrefu na bustani za Kew, Uingereza. Kwa chakula kuna yale yaliyoanza mwaka 2011 yakiitwa Pink Lady Food Photographer of the Year, ambayo sasa ni World Food Photography Awards. Royal Horticultural Society ya Uingereza nayo hutoa medali kwa mikusanyo ya picha za mimea: dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba. Medali za mtindo huu hazigombewi na washiriki wao kwa wao. Kazi hupimwa kwa kiwango, kwa hiyo wawili wanaweza kupata dhahabu na wanaweza wasipate wote.

Mkusanyo wa picha sita ni mtihani tofauti na picha moja. Sita nzuri zisizohusiana hushindwa na sita za wastani zenye wazo moja. Ziwe na mwanga wa aina moja, rangi zinazoongea, na ukubwa tofauti: moja ya mbali, mbili za kati, tatu za karibu, kwa mfano. Zichape ndogo, zibandike ukutani, zikae wiki. Ile inayokuchosha ya kwanza itoe, kwa sababu jaji hukumbuka dhaifu kuliko bora, na picha moja hafifu hushusha alama za zile tano.

Soma kanuni mpaka mwisho kabla ya kulipa ada. Tafuta maneno yanayohusu hakimiliki. Mratibu kuomba ruhusa ya kutumia picha kwenye maonyesho na matangazo ya shindano ni kawaida. Kudai umiliki, au kutumia picha za washiriki wote milele kwa biashara yake, ni sababu ya kufunga ukurasa. Angalia kama picha iliyokwisha kuchapishwa inakubalika, na kama picha zilizounganishwa zinaruhusiwa katika kipengele chako. Picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba hukataliwa na mashindano mengi, na wanaofika fainali huombwa faili ghafi. Kama huna, umetoka. Mtu anayetambulika pichani asaini fomu ya ridhaa. Mwenye bustani binafsi vilevile.

Kwenye skrini tuma JPEG yenye nafasi ya rangi (wigo wa rangi ambazo faili linabeba) ya sRGB, kwa vipimo vilivyotajwa, si vikubwa zaidi. Hariri kwenye nafasi pana, geuza mwishoni, kisha itazame tena, maana wekundu na zambarau ndizo huumia kwanza. Kwa maonyesho, fanya hesabu mapema. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000. Karatasi ya A2 ina urefu wa milimita 594, inchi 23.4, kwa hiyo unapata kama pikseli 256 kwa inchi, ambazo zinatosha kabisa. Ukiikata picha mpaka ibaki nusu ya upana, zinabaki 128, na ukali unaanza kuvunjika ukisogea karibu. Punguza pia mwangaza wa skrini kabla ya kuandaa faili la kuchapa. Skrini iliyowashwa hadi mwisho ndiyo chanzo cha picha kutoka nyeusi kwenye karatasi, na lawama huangukia mashine bure.

Maelezo chini ya picha ya mmea yana sarufi yake: jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, yote mawili kwa mlazo, na jina la aina iliyozalishwa, lisilo la mlazo, ndani ya alama moja moja za kunukuu, kama Tulipa 'Queen of Night'. Kosa hapo ni dogo, lakini linamwambia jaji kwamba hukujua unachokipiga. Kama huna uhakika wa spishi, andika jenasi na uishie hapo.

Tuzo ikija, simu zitapigwa kwa wiki chache, halafu kimya. Kabla haijatangazwa uwe na ukurasa wenye picha 20 hadi 30, nusu bustani, nusu chakula, na bei iliyofikiriwa kwa leseni badala ya kuuza picha yenyewe: inatumika wapi, kwa muda gani, katika nchi zipi, kwenye kitu gani. Kitabu cha mapishi ni leseni moja, pakiti ya chakula ni nyingine kabisa. Mteja anayesema anataka "haki zote" mara nyingi anahitaji miaka miwili ya tovuti na vipeperushi, na ukimwuliza atakwambia hivyo.

Ndani ya kila faili andika jina lako, mawasiliano, maelezo na maneno ya kutafutia. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa jengo lingine. Maneno ya kutafutia yawe jina la kisayansi na la kawaida, hatua ya ukuaji, msimu na hali: Solanum lycopersicum, mnyanya, matunda mabichi, umande, asubuhi. Mhariri anayejaza ukurasa kuhusu magonjwa ya nyanya hatafuti "picha nzuri ya bustani". Anatafuta jani lenye madoa, na ukilipiga siku ile ile ulipokuwa ukisubiri upepo utulie, huenda likauzika mara nyingi kuliko picha iliyokupa tuzo.